Mikono ya Mwongozaji

Mtu anayeiokoa dunia, wakati anaiokoa, amesimama wapi? Swali hili halininyimi usingizi, mimi nalala vizuri na kukoroma nakoroma, lakini kila nikimvuta mume wangu kidole gumba cha mguu ili ashuke kutoka darini, hunijia. Ukimtoa mtoto shimoni, wewe umesimama ukingoni. Ukimtoa mbuzi mtoni, umesimama ng'ambo, umelowa mpaka kiunoni na unamtukana mbuzi. Sasa ikiwa inayozama ni dunia yote, huyo mwokoaji nyayo zake kaziweka juu ya nini? Nimewauliza watu wengi wa mji huu. Wananijibu bila kunitazama, na si kwa kiburi. Katika mji huu kila mtu anatazama juu.

Huko juu kuna Pazia. Mgeni akifika hudhani ni wingu. Ni kitambaa cheupe kilichotandwa juu ya mji mzima, kutoka kilima hiki mpaka kilima kile, na picha zinachezwa juu yake bila kupumzika. Wanasema zamani palikuwa na mbingu. Wenye Pazia wakaiangalia, wakasema haina kisa, inakaa tu pale, haimwokoi mtu. Wakaifunika. Tangu hapo mwanga wetu ni mwanga wa picha. Picha ikiungua, mji mzima unakuwa mwekundu na kuku hawatagi. Picha ikiwa ya barafu, watu hujikunyata na joto lote hili. Mnara ukilipuka huko juu, sisi wanawake tunakimbilia nyungo, kwa sababu mlipuko ndio wenye mwanga mzuri wa kuchambulia mchele. Watoto wa siku hizi wanazaliwa na mkunjo nyuma ya shingo. Mitaro imejaa walioanguka kwa kutotazama njia, nao wakishavunjika miguu humo chini hushukuru, maana sasa wanatazama wakiwa wamelala.

Jua la kweli liko nyumbani kwangu tu. Halitoki juu. Linaingia kwa mshazari dirishani, rangi ya samli, linauangukia mkeka, na limekuwa likiuangukia mkeka huo huo tangu Idarusi alipopiga picha yake ya kwanza. Kwangu ni alasiri siku zote. Majirani huja kuanika nguo uani. Siwakatazi. Nazijua nguo za ndani za mtaa mzima, kwa hiyo naheshimiwa sana.

Lilikujaje hilo jua? Kila mwongozaji wa filamu ana namna yake ya kulifunga onyesho. Mmoja hupuliza filimbi. Mwingine hufoka mpaka mate yakamrukia mpiga kamera. Idarusi, alipokuwa kijana mwembamba mwenye sauti ya kunong'ona, hakupenda makelele. Onyesho likifika mwisho, aligonganisha viganja vyake mara moja: pa! Kiganja kikigonga kiganja, waigizaji hurudi kuwa watu. Waliokufa huamka wakaomba maji. Aliyekuwa analia hujifuta akauliza chakula kiko wapi. Pasipo hiyo pa, onyesho halijaisha, hata watu wakienda zao, hata nyumba ikiuzwa. Ndiyo sheria ya kazi yao, na wanaiogopa.

Picha hiyo ya kwanza ilikuwa ya mapenzi, na ndani yake neno mapenzi halikutajwa. Mwanamume na mwanamke wasiojuana wamekaa mkekani, wanamenya mbaazi kwenye ungo mmoja. Basi. Kamera ilikuwa ya kuazima. Kinasa sauti kilifungwa kwenye mpini wa fagio. Mlangoni mtu alishika shuka jeupe ili limrudishie mwanga mwanamke usoni, na mwanamke huyo nilikuwa mimi. Idarusi alituambia maneno machache tu: "Menyeni. Msitazamane mpaka mtakaposhindwa." Tukamenya. Niliona vidole vya yule mwanamume, jinsi alivyolifungua kila ganda taratibu kama anayemfungulia mtu mlango. Tukamenya. Tukashindwa. Tulipotazamana, Idarusi nyuma ya kamera akaanza kulia, akachukua viganja vyote viwili kujifuta macho, na kugonganisha akasahau. Wenzake wakakunja nyaya, wakabeba shuka lao, wakaondoka. Sisi tukabaki tunamenya.

Wengine huozeshwa na shehe, wengine na padri. Sisi tuliozeshwa na usahaulifu. Na ndoa imekaa, wala sijawahi kuona cheti kilichokaa vile. Jua likasimama dirishani. Magoti yangu hayakusimama, yamezeeka yenyewe, lakini jua limesimama.

Kwa hiyo Idarusi alipokuja siku ile ilikuwa alasiri. Angekuja saa gani nyingine?

"Hodi!"

"Karibu, mshenga. Vua viatu, vinanitazama vibaya."

Akaingia. Amenenepa, amevaa nguo zisizo na mshono unaoonekana, na shingo yake, tofauti na za watu wote, imepinda kwenda chini, kama mtu aliyekaa miaka mingi akiwatazama wengine kutoka darini. Lakini mimi kabla ya uso niliitazama mikono. Aliibeba mbalimbali, mmoja huku mwingine kule, kama ndugu wawili waliogombea shamba. Nikajua. Moyo wangu ulikaa chini kabla yangu.

"Umekuja kufanya nini, Idarusi?"

"Nimewakumbuka tu, Bi Siku."

"Mtu huwakumbuka wenzake na mikono imekaa hivyo?"

Idarusi hajui kusema uwongo mfupi, anajua ule mrefu tu, wa saa mbili na nusu. "Nimekuja kulifunga onyesho," akasema. "Ilikuwa nilifunge tangu siku ile. Ni kazi iliyobaki kiporo, Bi Siku. Naomba unisamehe. Ni pa moja tu, haiumi."

"Hata kuchinja ni mara moja tu. Kaa."

Kwetu mgeni haachwi na mikono mitupu, na akishapewa kitu hakiweki chini mpaka mwenyeji akipokee. Kukiweka chini ni kumwambia mwenyeji kwamba nyumba yake ni kaburi. Idarusi ni mtoto wa hapa, anaijua adabu hiyo kuliko anavyolijua jina lake. Nikamtia kikombe cha kahawa mkono wa kulia. Nikamtia kisahani cha kashata mkono wa kushoto. Kisha nikakaa mkekani, nikanyoosha miguu yangu, nikamtazama.

Alikunywa kahawa ikaisha. Akaniangalia. Akakisogeza kikombe kidogo, nikipokee. Mimi nikaanza kumsimulia habari za nyonga yangu.

"Nani huyo?" sauti ikatoka juu.

"Mshenga," nikajibu.

"Kaja na nini?"

"Kaja na mikono."

Mume wangu Fumo alikuwa darini, kifudifudi, mgongo umegusa boriti, na kanga yangu imemfunga kiunoni, pindo lingine limefungwa kwenye mguu wa kitanda. Sauti yake ni ya mzee mwenye kikohozi. Uso wake ni wa kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zinafikiria kuota. Nikaivuta kanga, akashuka taratibu mpaka usawa wa mabega ya Idarusi, akaning'inia pale kama nguo ya jirani.

"Umenenepa," Fumo akamwambia.

"Wewe umepungua, kaka," Idarusi akasema, na akatazama pembeni.

Sasa niseme Idarusi alivyofika huko Paziani, huyu mtoto wa mbaazi, maana watu humsema kana kwamba alizaliwa na radi mkononi.

Baada ya ile picha yetu alipiga nyingine, ya fundi cherehani anayempima mjane kanzu ya arusi ya dada yake. Anampima, anarudia kumpima, na nguo ikishonwa haimtoshi hata kidogo, kwa sababu fundi hakuwahi kuutazama utepe. Akapiga nyingine, ya majirani wanaogombana kupitia ukutani juu ya redio. Alizionyesha kwenye ukuta wa ghala, watu wamekaa kwenye viti vilivyoazimwa kutoka msibani, na baadhi yao walikuwa wametoka msibani hapo hapo. Watu walikuwa wachache. Lakini walirudi nyumbani kimya, na wakifika walitazamana. Jirani yangu mmoja alimpelekea mkewe maji ya kuoga, mke akapiga ukunga, akidhani mume kaja kumuaga, anakwenda kufa. Nguvu ya zile picha ilikuwa hiyo, ndogo, ya kumgeuza mtu shingo amtazame aliye ubavuni mwake. Nimefikiri sana juu ya nguvu hiyo. Ni nguvu isiyomfaa mtawala yeyote. Watu wanaotazamana huanza kuulizana maswali.

Wakaja Wenye Pazia. Nyuso zao hazikumbukiki, viatu vyao vinakumbukika. Wakamwambia: tumekupenda, kijana, wewe una moyo. Sisi tuna mwili mkubwa mno, unaruka, unavunja minara, unarusha malori, ila hauna moyo. Tutilie.

Alikuja kuniaga mkekani hapa. "Moja tu, Bi Siku. Nawatilia huo moyo, halafu narudi kwenye mambo yangu madogo."

Akapiga picha ya Mbeba-Anga. Unamjua, nani asiyemjua, yule mwenye joho la rangi ya damu anayeliinua Pazia lisituangukie. Katika picha ile ya kwanza Idarusi alitia onyesho moja: kabla ya kuruka, Mbeba-Anga amekaa na mwanamke wanamenya mbaazi. Wenye Pazia wakasema zuri sana, wakalikata mpaka likawa urefu wa kope kupepesa. Picha ya pili alilikata mwenyewe, wasisumbuke. Picha ya tatu hakulipiga. Hakuna aliyemnyang'anya moyo. Aliupunguza yeye, kidogo kidogo, kama mtu anayekata kucha, na kila mara akishangaa mbona mkono ni ule ule.

Na aliyechukuliwa awe Mbeba-Anga ni nani? Waliomba mtu anayeweza kuinua kitu kizito watu wakaamini. Idarusi akasema, namjua mtu anayeishika punje ya mbaazi kama ndiyo dunia. Wakamchukua Fumo wangu. Wakamtundika kwa nyaya mbele ya kitambaa cha kijani, wakamwambia: inua mlima. Mlima haupo. Akauinua. Inua meli. Haipo. Akaiinua. Alirudi nyumbani jioni za huko nje akiwa na jasho la kweli kwa kazi ya kubeba visivyokuwepo, na kila aliporudi alikuwa mwepesi zaidi. Wakambandua uso wakaweka wa kijana. Mke gani atalalamika? Mimi nililalamika. Ile mikunjo ya zamani nilikuwa naijua, kila mmoja nilijua niliusababisha lini.

Uzito wake umekwenda wapi? Tazama juu, kama bado unayo shingo. Pazia linazidi kushuka. Watu warefu siku hizi huligusa kwa nywele. Wanasema picha zinazidi kuwa kubwa. Mimi nasema kitambaa kimelemewa.

Na Mtaa wa Wafinyanzi? Kitambaa cha kijani hakitoi vumbi zuri, kwa hiyo walitaka mtaa wa kweli wa kuvunja. Wakawaambia wakazi wahame. Wakazi hawakuhama. Walikuwa wamekwisha kuona mara nyingi huko juu: mnara unaanguka, watoto wanalia, na kabla matofali hayajafika chini Mbeba-Anga anafika. Wakavaa nguo nzuri wakamngoja, mlangoni, wamekaa kwenye viti. Fumo alikuwa ametundikwa kwenye nyaya mbele ya kitambaa, mbali kabisa, anainua hewa. Shoga yangu Mwanakheri, muuza vitumbua, yumo kwenye picha hiyo. Kila inapochezwa namwona, urefu wa kope kupepesa, anakimbia na sinia kichwani. Hajawahi kufika anakokimbilia.

Nimesimulia sana, na Idarusi bado ana kikombe kitupu mkono mmoja na kashata mkono mwingine. Mabega yalianza kumtetemeka.

"Bi Siku, pokea kikombe."

"Mimi nyonga, mwanangu. Sinyanyuki."

"Bi Siku, nakuomba."

"Kwanza niambie. Kwa nini leo?"

Akamtazama Fumo, akanitazama mimi, akayatazama maganda ya mbaazi mkekani. "Picha ya mwisho," akasema. "Wanataka picha ambayo haitaisha. Mbeba-Anga ataruka asishuke. Tulijaribu. Kila tukimrusha, anafika mahali anasita, anatazama chini. Kuna kitu kinamvuta. Wakaniuliza ni nini. Nikawaambia." Akakigeuza kikombe kitupu. "Nikawaambia kuna onyesho moja sijalifunga. Bado yumo humo. Bado ni mume wa mtu."

"Ndio uzito wangu uliobaki," Fumo akasema, na akakohoa, na kikohozi kikamsukuma kidogo kuelekea dirishani. Nikamvuta. "Ule wa ungo."

"Ukilifunga, atakuwa nani?" nikauliza.

"Atakuwa aliyekuwa kabla ya onyesho."

"Na mimi?"

Akalitazama jua mkekani.

"Usipolifunga?"

"Watampa mwingine kazi. Wataniondoa kwenye Pazia. Jina langu litafutwa huko juu." Sauti yake ikarudi ile ya zamani, ya kunong'ona. "Bi Siku, mimi nje ya Pazia ni nani? Niambie. Nimejaribu kumkumbuka huyo mtu nimeshindwa. Nikijaribu kumwona mama yangu namwona kwa chini, kamera inazunguka, kuna moto nyuma yake. Mama yangu alikufa kwa homa, kitandani, kimya. Sikumbuki tena kimya chake. Nimemwekea ngoma."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilitaka kumpiga kwa mwiko, nikaona mwiko uko mbali. Nikafikiri: huyu hawezi kuokolewa kwa maneno, maneno ndiyo kazi yake. Nikanyanyuka, na nyonga yangu ikanyanyuka vizuri tu, akaona, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Kumbe!"

"Kumbe nini? Dawa imefanya kazi. Lete kikombe."

Nikakipokea kikombe. Mkono wake haujapata hata kupumua nikautia ungo. Nikapokea kisahani, nikamjazia kiganja mbaazi mbichi na maganda yake. "Menya," nikamwambia.

"Bi Siku..."

"Menya. Usimtazame mtu."

Nikamvuta Fumo mpaka akakaa mkekani, nikamkalia pindo la kanga asipande. Tukamenya watatu. Ganda likifunguka hutoa sauti ndogo sana, kama mtu aliyefungua mdomo akaghairi kusema. Sikumbuki tulimenya kiasi gani. Katika nyumba ya alasiri mtu hajui. Kuna wakati niliona vidole vya Idarusi ni vyangu, na vyangu ni vya Fumo, na sikujua nani kati yetu ndiye aliyezeeka na nani ndiye aliyeruka. Nani alikuwa anatuongoza? Yule kijana nyuma ya kamera, au sisi tulikuwa tunamwongoza yeye alie? Huenda mapenzi yote ni hivyo, watu wawili wanamenya na wa tatu amesahau kuwazuia. Huenda Mungu naye. Lakini huko sitafika, nitaambiwa nimekufuru.

"Bi Siku," Idarusi akasema, hakuinua uso, "sogea kushoto kidogo. Jua liguse sikio."

Nikasogea.

"Kaka Fumo, hiyo punje. Usiitie ungoni bado. Ishike."

Fumo akaishika. Na nilimwona akizidi uzito. Mkeka ulibonyea chini yake, kidogo, kama mkate unapoguswa. Nikainuka kwenye lile pindo la kanga, nikalifungua kwenye mguu wa kitanda, nikamwachia. Hakupanda. Chini ya ule uso wa kijana nikauona mkunjo wangu mmoja, ule wa karibu na jicho, unarudi nyumbani.

Idarusi alikuwa analia. "Sitapiga," akasema. "Na wanifute. Sitapiga, Bi Siku."

"Kula kashata," nikamwambia, nikamsogezea kisahani.

Ndipo tukasikia nje. Mwanzo kama mvua ya mbali, kisha miguu, kisha kipaza sauti cha Wenye Pazia kikipita mtaani: Mbeba-Anga yumo katika nyumba hii! Mbeba-Anga atatoka sasa hivi! Tokeni mmwone kabla hajaruka mruko usio na kushuka! Nikachungulia dirishani. Mtaa umejaa, mji umejaa, wanasukumana, wengine wametolewa mitaroni wamebebwa mgongoni. Wote shingo juu, wakilitazama paa langu.

"Watabomoa mlango," nikasema.

"Hawatabomoa." Idarusi alisimama. Nikauona mwili wake ukiwa mwembamba tena ndani ya zile nguo. "Nitawaambia mwenyewe. Nitawaambia Mbeba-Anga hayupo, hajawahi kuwepo, waende nyumbani wakawatazame wake zao. Mimi ndiye niliyewafundisha kutazama juu, wataniamini."

"Watakuamini," Fumo akasema. "Nenda, mshenga."

Hakuuweka ungo chini. Mgeni wangu aliijua adabu mpaka dakika ile. Alitoka nao, ameushika kwa mikono miwili kifuani, machozi mashavuni, akaufungua mlango kwa bega, akasimama kizingitini katika jua letu.

Na watu wakashusha shingo. Nilizisikia zikilia, maelfu ya shingo, kama kuni kavu. Kwa mara ya kwanza tangu sijui lini, mji mzima ulitazama mbele, ukamtazama mtu mmoja mwenye ungo wa mbaazi analia mlangoni. Hawakuwahi kuona kitu kizuri hivyo. Nami nilikiona, sitasema uwongo, kilikuwa kizuri. Idarusi akafungua mdomo aseme.

Wakampigia makofi.

Hawakuwa na nia mbaya. Walimpenda, na mtu akipenda jambo na hajui la kulifanyia hupiga makofi. Kila kiganja cha mji kiligonga kiganja chenzake. Idarusi akageuka kunitazama, na macho yake yaliniambia ameelewa, na huku ameelewa mwili wake ukainama wenyewe kuwashukuru, kama ulivyozoea. Ungo ukamponyoka.

Alasiri ikazimika. Haikutua, haikufifia. Ilizimwa. Nguo za majirani uani zikaanza kudondosha maji kana kwamba hazijawahi kuanikwa, na mwanga wa buluu wa Pazia ukaingia kila pembe ya nyumba ambayo ulikuwa haujawahi kuijua.

Nikageuka. Mkekani palikuwa na kijana amesimama, ncha za vidole vyake zinagusa mkeka na hazigusi. Alikuwa akiifungua kanga kiunoni mwake, akishangaa imefikaje pale. Aliikunja vizuri, pindo kwa pindo, kama mtoto aliyelelewa na watu, akanijia nayo kwa mikono miwili. Kikohozi hakuwa nacho tena.

"Shikamoo, bibi," akasema.

Nikataka kumwita. Fumo lilikuwa jina la ndani ya picha, na hapo mdomo ukiwa wazi ndipo nilipogundua kwamba jina lake hasa, miaka yote ile, sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa na mume, nitamwuliza mume jina?

"Marahaba," nikasema. Salamu haikuwa na kosa lolote.

Akanikabidhi kanga. Akasikiliza ngurumo ya nje, mlango ukiwa wazi, upepo ukimpandisha na kumshusha kidogo.

"Samahani, bibi. Watu wote wale wanamngoja nani?"

"Wanakungoja wewe, mwanangu."

Akafurahi. Mtu gani asingefurahi?